USIACHE MBACHAO: KOMPYUTA KUUKUU YA NYUMBANI YAWEZA KUAMKA TENA

Jioni moja ya mwezi wa Julai binti yetu Vero aliwasha kompyuta ya nyumbani ili ajizoeze maswali ya mtihani wa kidato cha pili. Alipokwisha kuiwasha akachukua ndoo, akaenda bombani kuteka maji. Akarudi, akamimina maji mtungini, akanawa mikono, akaketi. Kompyuta ilikuwa bado yazungusha kile kiduara chake kidogo, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolijua. Mke wangu, aliyekuwa akichambua maharage, akasema, "Baba Vero, mashine hii tuliinunua ili itutumikie. Sasa naona sisi ndio tunaoitumikia."

Nilicheka, lakini moyoni sikufurahi. Kompyuta hiyo ni ya mezani, iliyotengenezwa mwaka 2013, nasi tuliinunua ikiwa mtumba. Ndani yake mna vitu vingi vya nyumba yetu: mitihani ya zamani ya Vero, hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, barua ninazowaandikia majirani, na picha za jamaa, pamoja na picha ya mwisho ya marehemu baba yangu. Mara mbili ilipozidi uzito nilimpelekea fundi aisafishe, nikalipa shilingi 15,000 kila mara. Mara zote mbili ilikwenda mbio mwezi mmoja, kisha ikarudia hali yake. Tena ile mara ya pili picha zote za arusi ya mdogo wangu zilifutika, maana mimi sikuzinakili kwanza mahali pengine, wala fundi hakuniuliza.

Safari hii nilikwenda duka moja mjini kuomba shauri. Kijana wa dukani hakuuliza hata kompyuta ina nini. Akasema, "Kaka, hiyo ni ya kutupa. Chukua hii mpya, laki nane tu." Laki nane tu! Mimi nilikuwa na shilingi 150,000 za maharage, tena sehemu yake ilikuwa ya sare na madaftari.

Njiani nikakumbuka neno la wazee: Usiache mbachao kwa msala upitao. Nikaazimu kuutafuta ugonjwa kwanza, ndipo ninunue dawa. Yaliyonipata nawaandikia hapa, wasomaji wapenzi, kwa kuwa najua ziko nyumba nyingi zenye kompyuta kama hiyo, imefunikwa kitambaa pembeni, yangojea siku ya kutupwa.

KARANI, MEZA NA KABATI

Yafaa kwanza tufahamu jinsi kompyuta ifanyavyo kazi. Fikirini ofisi ndogo yenye karani mmoja, meza moja na kabati moja. Karani ndiye prosesa: yeye ndiye ahesabuye na kuandika. Meza ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM: juu yake huwekwa makaratasi yanayotumika sasa hivi. Kabati ni diski: humo hukaa kila kitu, hata umeme ukizimwa.

Basi kazi yaweza kuchelewa kwa sababu tatu. Labda karani ni mzito. Labda meza ni ndogo, hata kila apendapo karatasi mpya ni lazima airudishe nyingine kabatini. Au labda kabati liko mbali, na karani hushinda kutwa njiani. Watu wengi humlaumu karani. Lakini katika kompyuta nyingi za miaka kumi iliyopita karani hana kosa. Mkosaji ni kabati.

Sababu yake ni hii. Diski za zamani ni sahani za chuma au kioo zinazozunguka, na mkono mdogo huenda huku na huku juu yake kutafuta maandishi. Namna hiyo ilianza mwaka 1956, wakati kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa diski yake ya kwanza: sahani 50 kubwa, ambazo zote pamoja ziliweza kushika herufi kama milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo yaweza kuzijaza. Toka siku hizo diski zimekuwa ndogo na kubeba mengi mno, lakini sahani bado huzunguka na mkono bado hutembea. Diski ya kompyuta ya mezani kwa kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na hata hivyo kila itafutapo kitu kipya hutumia kama sehemu ya mia ya sekunde. Kwako wewe ni kufumba na kufumbua. Lakini kompyuta ikiamka hutafuta vitu maelfu kwa maelfu, nazo sehemu hizo ndogo hujumlika kuwa dakika.

Siku hizi iko diski nyingine isiyo na sahani wala mkono. Maandishi yake hukaa katika vipande vidogo vya kielektroniki, nayo huyatoa upesi kuliko ile ya kale kama mara mia. Mafundi huiita SSD. Ni kama kulileta kabati karibu, karani asiinuke kitini.

UTAMBUE UGONJWA

Msinunue kitu kabla ya kupima. Kipimo ni cha bure. Katika kompyuta yenye Windows, bonyezeni pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Utafunguka ukurasa unaoonyesha ni nani anayefanya kazi, na juu yake mna hesabu za asilimia: CPU ndiye karani, Memory ndiyo meza, Disk ndilo kabati. Fungueni kazi mnazozifanya kila siku, kisha tazameni.

Kwetu karani alikuwa kwenye asilimia 12, yaani karibu amelala. Meza ilikuwa asilimia 85. Kabati lilikuwa asilimia 100, na lilikaa hapo dakika nyingi bila kushuka. Vero akasema, "Baba, kumbe mgonjwa tumempata." Naye alisema kweli. Zile shilingi 30,000 za kusafisha zilikuwa sawa na kumpaka mafuta mguuni mtu mwenye maumivu ya jino.

OKOA VILIVYOMO KWANZA

Hapa nawasihi sana, msiruke jambo hili. Kabla ya kugusa parafujo hata moja, nakilini vitu vyote vya thamani mahali pengine. Diski izungukayo huzeeka kama ekseli ya baiskeli, na ikianza kulia tik-tik-tik yatoa habari ya kifo chake. Kwetu niliposogeza sikio nikaisikia sauti hiyo.

Usiku ule tulinakili kila kitu katika flashi mbili. Kazi ilikwenda hata saa saba ya usiku. Picha ya marehemu baba ilikataa mara mbili. Kompyuta ikasema haiwezi kuisoma. Nilizima mashine, nikaiacha ipoe, nikawasha tena. Mara ya tatu ikakubali. Picha nyingine kumi na moja hazikutoka kamwe hata leo. Kama ningalingoja mwezi mmoja zaidi, sijui ningaliokoa ngapi.

Flashi moja tunayo nyumbani, ya pili iko kwa shangazi yake Vero. Kitu kilichoko mahali pamoja tu hakijahifadhiwa. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, vyote vimekwenda.

DAWA ZISIZO NA BEI

Kabla ya kutoa fedha, yako mambo manne ya kujaribu bure.

La kwanza ni vumbi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha sanduku kwa mkono, maana umeme ulio mwilini waweza kuua vipande vya ndani. Ondoa kifuniko cha ubavuni, na kwa brashi laini ya kupakia rangi, iliyo kavu, ondoa vumbi katika feni na katika chuma cha kupozea prosesa. Ishike feni kwa kidole isizunguke. Ndani ya yetu tulikuta vumbi la kiangazi la miaka mingi na mende wawili wakavu. Prosesa ikipata joto hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo vumbi ni uzito kweli.

La pili, zile programu zinazoamka pamoja na kompyuta bila kuitwa. Katika ukurasa ule ule wa vipimo iko sehemu iitwayo Startup. Zizuieni zisizo za lazima. Kwetu zilikuwa tisa, tukaacha mbili.

La tatu, ondoeni programu msizozitumia, na diski isijae kabisa. Bakizeni nafasi, walau sehemu moja katika tano.

La nne, tafuteni virusi kwa kinga iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Msidanganywe na matangazo ya intaneti yasemayo, "Bonyeza hapa kompyuta yako iende mbio." Mengi ya hayo ndiyo yaletayo ugonjwa.

Baada ya kazi hiyo kompyuta yetu iliamka kwa dakika nne badala ya sita. Ni nafuu, lakini si kupona.

NUNUA KWA UTARATIBU

Mwenye fedha kidogo sharti ajue kipi kitangulie. Cha kwanza ni diski, SSD. Cha pili ni kumbukumbu, RAM, kama meza yaonekana kujaa. Prosesa mpya usinunue, wala kadi ya picha. Kwa kazi za shule, barua na hesabu hutaona tofauti kubwa, na fedha itakuwa imekwenda.

SSD ya GB 240 au 256 yatosha nyumba ya kawaida. Ile ya mraba mwembamba, ya inchi 2.5, huingia katika kompyuta nyingi za tangu miaka ya 2000 na kitu, kwa waya zile zile mbili za diski ya zamani: mmoja wa umeme, mmoja wa habari. Ncha zake zimekatwa kwa namna ambayo hazikubali kuingia kinyume. Katika kompyuta ya mezani nafasi ya diski huwa kubwa kuliko SSD, hilo lisiwatishe. Kwa kuwa haina kitu kinachozunguka, yaweza kufungwa hata kwa parafujo mbili upande mmoja. Jihadharini na kitu kimoja: ukionyeshwa diski au flashi kubwa ajabu kwa bei ya bure, ujue ni uongo. Juu imeandikwa kubwa, ndani ni ndogo, na siku ikijaa hupoteza ulivyoweka.

Sasa niungame kosa langu. RAM niliinunua kwa macho. Niliona kipande kirefu cha kijani, GB 4, nikasema ndicho. Kufika nyumbani hakikuingia. Yetu ni ya namna ya DDR3, nami nilikuwa nimeleta DDR4. Pengo lililo katikati ya meno limewekwa mahali pengine makusudi, ili watu wasizichanganye. Duka halikukubali kukirudisha. Shilingi 20,000 zikaenda hivyo. Mke wangu hakusema neno, na kunyamaza kwake kulinitosha.

Basi fanyeni kama mfanyavyo mkienda kununua mnyororo wa baiskeli: chukueni kile cha zamani mkononi. Chomoa kipande cha RAM, kifunge katika karatasi safi, mwonyeshe muuzaji, umwambie, "Nataka ndugu yake huyu." Tena mkumbuke kwamba vipande vya kompyuta za kubebea ni vifupi kuliko vya mezani, na kwamba baadhi ya kompyuta za kubebea RAM yao imeunganishwa moja kwa moja, haiongezeki.

Kitu cha tatu ni kidogo sana: betri ya duara kama sarafu, iitwayo CR2032. Ikifa, saa ya kompyuta hurudi nyuma. Yetu ilidhani tupo mwaka 2013, na kurasa nyingi za intaneti zikakataa kufunguka, maana tarehe haikupatana. Betri mpya ya shilingi 2,000 iliondoa fitina hiyo yote.

WINDOWS AU LINUX?

Tulipofunga diski mpya, swali likawa: tuweke nini ndani yake? Kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watu wa nyumbani waliojiandikisha waliongezewa masahihisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Windows 10 haifi siku hiyo, lakini mwizi akipata mlango mpya hakuna wa kuufunga. Nayo Windows 11 hutaka kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, kwa kawaida iwe ya kizazi cha nane au zaidi. Yetu ni ya kizazi cha nne. Mlango umefungwa.

Ndipo nikaijaribu Linux. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki katika nchi ya Ufini, na tangu siku hizo watu wa dunia nzima wameiendeleza. Ziko namna nyingi. Mimi nilichagua Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, kwa kuwa sura yake haimtishi mtu aliyezoea Windows. Ni bure kwa halali, si ya kuibia. Huhitaji RAM ya GB 2, lakini GB 4 ndiyo yafaa.

Kuipata ni kushusha faili la karibu GB 3 kutoka intaneti. Kwa bando la simu ni ghali. Mwombeni mtu mwenye intaneti nzuri mjini. Kisha faili hilo huandikwa katika flashi ya GB 8 kwa programu ndogo iitwayo Rufus, nayo hufuta vyote vilivyomo katika flashi hiyo, kwa hiyo isiwe ile yenye picha zenu. Ukiwasha kompyuta bonyeza kitufe cha kuchagua, katika nyingi ni F12, F9 au Esc, uchague flashi. Uzuri wake ni huu: waweza kuijaribu kutoka katika flashi bila kuiweka. Tazama kama sauti, picha na intaneti vyafanya kazi. Ukiridhika, ndipo uiweke. Wakati wa kuiweka acheni diski ya zamani imechomolewa, mkono usije ukateleza ukafuta kisichofutwa.

Lakini sitawaficha hasara yake. Programu zilizotengenezwa kwa Windows, kama vile Microsoft Office na nyingi za mahesabu ya maduka, haziwekwi humo kwa njia ya kawaida. Badala yake imo LibreOffice, yenye kuandika barua na kupiga hesabu, tena hufungua faili za zamani. Hesabu za kikundi chetu zilifunguka zote, ila majedwali mawili mistari yake ilisogea. Mwenye programu moja ya Windows ambayo hawezi kuishi bila hiyo, na afikiri kwanza.

HESABU YA MWISHO

Nimezoea kuandika kila senti, basi hesabu ni hii. SSD ya GB 240, shilingi 65,000. RAM ya kweli, GB 4 iliyokwisha tumika, 25,000. Betri, 2,000. Nauli mara mbili, 8,000. Jumla 100,000. Ongezeni 20,000 za ujinga wangu: 120,000. Zilibaki 30,000, na zilitosha madaftari na soksi. Sketi ya sare ilibidi ingoje mavuno ya karanga. Hizi ni bei nilizolipa mimi. Bei za vitu hivi hupanda na kushuka, kwa hiyo ulizeni maduka matatu kabla ya kutoa fedha.

Kompyuta iliyokuwa ikiamka kwa dakika sita sasa huamka kwa sekunde 35. Tulipima kwa saa ya simu, mara tatu.

SIKU YA KUSEMA BASI

Si kila mbacha wafaa kushonwa. Ikiwa ubao mkuu wa ndani umekufa, au gharama za kuponya zapita nusu ya bei ya kompyuta ya mtumba iliyo mpya kidogo kuliko yako, acha. Hata hapo diski nzuri uliyonunua waweza kuihamishia katika kompyuta nyingine, nayo haikupotea. Diski ya zamani usiitupe ovyo, maana siri zako zimo. Ile yetu nilitoboa sahani zake kwa msumari. Wala msichome vitu hivi katika shimo la takataka, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwa watoto.

Wazazi wapenzi, mkikumbuka mambo matatu tu yatosha: okoa picha na maandishi kwanza, pima kabla ya kununua, chukua kipande cha zamani mkononi uendapo dukani.

Juma lililopita jirani yetu Mama Anna alikuja jioni na kompyuta yake imefungwa katika kanga. "Shemeji," akasema, "nimeambiwa niitupe." Kabla sijajibu Vero alikwisha kuleta flashi mbili tupu, akamwuliza, "Shikamoo mama. Je, humo ndani mna picha gani ambazo hutaki zipotee?"